Loctite 243 kwenye mashine ya boti: inashika skrubu za ridi, mradi uzi uwe safi

Loctite 243 ni gundi ya kufungia uzi wa skrubu na nati. Inakuja kwenye chupa nyekundu za ml 10, 50 na 250, na ndani ni majimaji mazito ya buluu. Hapa tunaipima kwa kazi moja tu: kuzuia skrubu za ndani ya mashine ya mipigo miwili zisilegee zikaishia juu ya pistoni. Kwa kazi hiyo tunaikubali bila kusita. Tatizo ni namna inavyopakwa, maana skrubu ikiachia lawama huangukia chupa.

Mashine hizi hazina sampu ya oili (beseni la oili chini ya mashine), iwe ni Yamaha Enduro 40 inayosukuma boti za faiba kuanzia Lamu hadi Mtwara, au Mercury V6 ya lita 2.5 kwenye boti ya mbio. Hewa na petroli iliyochanganywa na oili hupita kwenye kabureta, huvuka valvu za ridi (vibati vyembamba vinavyoruhusu mchanganyiko uingie lakini usirudi), huingia chumba cha krenki, kisha hupanda kwenye njia za pembeni ya silinda hadi juu ya pistoni. Kitu kikiachia mahali popote kwenye njia hiyo, hakina pa kutulia. Skrubu ya ridi yenye kichwa kidogo kuliko punje ya mhindi hunaswa kwenye krenki na kuharibu beringi ya konrodi, au hupanda na kugongwa kati ya pistoni na silinda hedi mpaka alumini inachimbika mashimo mashimo. Vibati vya ridi navyo hufunguka na kujifunga kila mzunguko: mashine ikizunguka mara 5,500 kwa dakika, hiyo ni zaidi ya mara 90 kwa sekunde. Skrubu iliyokazwa kwa mkono tu, bila gundi, haiwezi kuaminiwa hapo.

Vitabu vya mafundi vya Yamaha huweka alama ya LT (Loctite) na namba 242 kwenye skrubu za namna hii. 243 ni ndugu ya 242: nguvu ileile ya wastani, rangi ileile, ila inavumilia mabaki kidogo ya oili, jambo lenye maana kubwa kwenye mashine ambayo ndani yake kila kitu kimelowa oili. Inastahimili joto hadi nyuzi 180, na sehemu ya ridi, inayopozwa na petroli mbichi muda wote, haikaribii hata nusu ya hapo. Kwenye bolti ya chuma ya M10 (kipenyo cha mm 10), gundi inahitaji nguvu ya kuzungusha ya karibu Nm 26 ili iachie, wakati Loctite 222 ya zambarau huachia kwa Nm 6. Kwa hiyo 243 hufunguka kwa bisibisi au spana ya kawaida. Loctite 271 nyekundu, ile ya nguvu kubwa, usiiingize kwenye ridi kabisa. Kuifungua kunataka moto, na moto utaharibu kila kilicho jirani.

Sasa namna ya kupaka. Kwanza ziba mdomo wa chumba cha krenki kwa kitambaa safi au tepu mara tu unapotoa ridi. Skrubu nyingi hapo ni za chuma kisichoshika kutu, na sumaku haivuti nyingi kati ya hizo. Ikidondoka ndani, kifimbo cha sumaku hakitakusaidia. Zifungue kwa bisibisi ya nyota ya kiwango cha Kijapani. Ile ya kawaida hupanda na kuteleza, inakula kichwa, kisha unalazimika kutoboa kwa drili. Zihesabu ukizitoa, zihesabu ukizirudisha.

Gundi ya zamani huonekana kama unga mweupe kwenye uzi. Itoe yote kwa brashi ya waya, na ndani ya tundu pitisha tapu (kifaa cha kuchonga uzi) ya saizi ileile kwa mkono. Osha skrubu na tundu kwa asetoni au dawa ya kusafishia breki, puliza kwa kompresa, acha pakauke. Usioshee petroli ya mashine, kwa sababu ina oili na itaacha utando. Ndiyo, 243 inavumilia oili, lakini utando mdogo si sawa na uzi uliolowa chapachapa.

Skrubu ya M4 au M5 inatosha tone moja dogo, pale tu uzi unaposhikana. Kama tundu halijatokeza upande wa pili, dondoshea ndani ya tundu lenyewe, la sivyo hewa iliyonaswa chini itaisukuma gundi yote nje. Gundi ikichuruzika kwenye kibati inaweza kukigandisha kwenye makao yake, na silinda hiyo itakosa pumzi. Futa papo hapo. Kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) ndogo kwa kipimo cha kitabu cha modeli yako. Gundi hulainisha uzi kabla ya kuganda, hivyo mkono ukizoea kukaza skrubu kavu utapitiliza na kukata uzi wa alumini. Kwa M3 zenye kichwa laini tunapendelea 222.

Halafu subiri. Gundi hii huganda ikikosa hewa huku ikigusa metali. Shaba nyeupe huiharakisha. Chuma kisichoshika kutu huichelewesha. Kwenye chuma cha kawaida inaanza kushika ndani ya dakika kama kumi, lakini nguvu kamili inataka saa 24. Kufunga ridi asubuhi na kuingia baharini mchana ni kuidhulumu kazi yako.

Kuna mambo gundi hii haiyawezi. Kibati cha chuma kilichochoka kitavunjika hata skrubu zake zikiwa imara, na vipande vyake ni vikali. Kikague: kikiwa na ufa au pembe iliyomeguka, au kikiacha mwanya mkubwa kuliko kitabu kinavyoruhusu (Mercury huruhusu takriban mm 0.5 kwenye V6 zake), badilisha. Usikigeuze upande wa pili ili kukinyoosha. Vibati vya nyuzi za kaboni huchakaa ncha, na vikimeguka kwa kawaida havina madhara kama ya chuma. Sekilipu za pini ya pistoni (vipete vinavyozuia pini isitoke) nazo hazipakwi gundi: weka mpya kila unapotoa pistoni, mwanya wake ukielekea juu au chini, kamwe si pembeni, kisha uzungushe kwa kidole uone imekaa kwenye mfereji wake mzima. Tusiposema hili mtu atazipaka buluu na kujiona salama. Pia weka gundi hii mbali na plastiki, maana aina nyingi hupata nyufa.

Dosari kubwa ya 243 kwa ukanda wetu ni uhifadhi. Mtengenezaji anataka ikae kati ya nyuzi 8 na 21, na boksi la vifaa ndani ya boti iliyoanikwa juani ni mbali sana na hapo. Iweke nyumbani kivulini, angalia tarehe ya mwisho chini ya chupa, na usishangae chupa mpya kuja nusu tupu: hewa iliyomo ndiyo inayoizuia isigande.

Ukiwa na shaka na chupa ya dukani, dondosha tone kwenye kioo na jingine kwenye nati na bolti safi ya chuma. Kesho yake, la kioo liwe bado majimaji na nati igome kwa vidole. Ikiwa la kioo limekauka, hiyo siyo gundi ya aina hii, irudishe. Kwa mwenye mashine moja au mbili, ml 10 zinatosha kabisa. Ya ml 50 itaisha muda wake kabla hujafika nusu.