Keria ya Defender yangu: nilivyochagua mara ya pili

Keria niliyo nayo sasa, yaani kichanja cha chuma cha kubebea mizigo juu ya paa la gari, ina kilo 33. Ile ya kwanza ilikuwa na kilo 74, na hilo sikulijua mpaka siku tuliyoishusha tukaipandisha kwenye mizani ya magunia ya jirani yangu mwenye stoo ya mahindi. Kwa miezi saba nilikuwa nimetembea na uzito wa mtu mzima juu ya paa kabla sijapakia chochote.

Mimi nafuga nyuki. Nyumbani ni Nakuru, lakini mizinga yangu mingi iko upande wa Marigat, karibu kilomita 100 kwa barabara ya Mogotio. Gari ni Land Rover Defender 110 ya zamani, ile yenye gata, yaani mfereji unaopita kwenye ukingo wa paa.

Ya kwanza niliinunua ikiwa tayari kwa fundi mmoja hapa mjini. Ilikuwa ya kikapu: kuta pande zote nne, bomba za inchi moja na nusu, sakafu ya wavu wa chuma. Ilipendeza machoni. Fundi aliniambia, "Madam, hii hata ng'ombe inabeba," nami nikatoa shilingi 22,000 nikiamini kwamba kitu kizito ndicho kigumu.

Ubaya wake niliuona kwenye korongo moja ng'ambo ya Marigat. Juu nilikuwa na masanduku ya mizinga pamoja na mitungi miwili ya maji ya lita 20. Gurudumu la mbele la kushoto likashuka, gari likalala upande, na badala ya kutulia likazidi kulala, polepole, kama mama aliyejitwika mtungi akajikwaa. Kijana ninayefanya naye kazi alifungua mlango akaruka. Gari halikupinduka, namshukuru Mungu, lakini tulishusha kila kitu mkono kwa mkono kwenye jua la saa saba ndipo nikathubutu kulitoa. Mitungi ile peke yake ni kilo 40. Hakukuwa na sababu yoyote ya kuiweka juu.

Halafu kuna mathenge. Anayeijua Baringo anajua jinsi mti ule unavyoziba njia za ndani, na miiba yake. Pembe za kikapu changu zilikuwa kali na zilichomoza nje ya paa, kwa hiyo matawi yalikuwa yanazishika. Mara mbili lilivutwa tawi likarudi kwa nguvu dirishani.

Fundi wa pili ni mzee wa jua kali niliyeelekezwa na dereva wa lori. Sikumkuta na keria iliyokamilika hata moja. Nilimwonyesha picha kwenye simu, akaitazama kidogo akanirudishia.

"Unabeba nini huko juu, mama?"

"Masanduku ya nyuki, mzee. Matupu."

"Lete moja."

Swali hilo moja ndilo lililonifanya nimwamini. Nilimpelekea sanduku la mzinga wa kisasa wa aina ya Langstroth, ambalo lina urefu wa kama sentimita 51 na upana wa 41. Akalipima, akapanda juu ya gari akalipima paa, kisha akachora kwa chaki sakafuni: mita 2.2 kwa 1.4. Hapo masanduku manne yanaingia kwa urefu na matatu kwa upana, kumi na mawili kwa safu moja, na nafasi ya kupitisha kamba inabaki. Sanduku langu tupu, bila fremu za masega, ni kama kilo tano. Kwa hiyo mzigo wote ni kilo 60 hivi. Vitu vinavyojaza nafasi lakini ni vyepesi ndivyo vya kupanda juu. Maji, dizeli, jeki na asali vinakaa chini, karibu na ekseli. Alinikumbusha pia kwamba uzito ambao kitabu cha gari kinaruhusu juu ya paa huhesabu na keria yenyewe. Ile ya kwanza ilikuwa inakula nafasi ya mzigo wangu.

Tulikubaliana iwe bapa, bila kuta, yenye ukingo wa sentimita tano tu wa kuzuia mzigo usiteleze. Pembe zote zikunjwe mviringo na zisipite ukingo wa paa. Bomba ni za mraba za inchi moja, unene wa milimita 1.5, ambazo mita moja ina kilo moja na kidogo. Unaweza kuhesabu uzito wa keria yako kabla haijakatwa hata bomba moja, na ningemshauri kila mtu ahesabu.

Nilimuuliza kuhusu alumini. Kwa ujazo ule ule uzito wake ni kama theluthi ya chuma, na nilitamani sana. Lakini kuichomelea kunataka mashine na mkono maalumu, na sehemu iliyopata moto hupoteza nguvu. Chuma kikivunjika Marigat, au hata Mogotio, nitapata mtu wa kukichomelea siku hiyo hiyo. Kwa kazi yangu hilo lina thamani kuliko kilo nitakazopunguza. Anayeendesha lami tu na kupiga kambi mara mbili kwa mwaka anaweza kuamua vingine.

Miguu ni minane, minne kila upande, inabana kwenye gata ikiwa na raba chini yake. Hakuna tundu lililotobolewa kwenye paa. Miguu imefungwa kwa bolti, haikuchomelewa kwenye fremu, hivyo mmoja ukipinda nabadilisha huo tu. Chini ya kila bomba mzee alitoboa kitundu kidogo ili maji yasilale ndani. Kutu ya bomba huanzia ndani, na ukiiona nje umechelewa.

Yasiyonifurahisha yapo. Aliniambia siku nne, zikawa kumi na nane. Rangi ya kuzuia kutu haikufika vizuri chini ya miguu, na mvua za Aprili zilinionyesha: nilifungua miguu mitatu, nikaisugua kwa brashi ya waya na kuipaka upya. Pia vichwa vya bolti za mbele vilichomoza juu vikikwaruza masanduku, ikabidi nirudi abadilishe. Hilo alilifanya bila kunidai.

Na kelele! Keria ikiwa tupu, kuanzia kilomita 80 kwa saa bomba la mbele lilikuwa linapiga mluzi mpaka nikashindwa kusikia redio. Dawa yake imekuwa blada, ile mipira ya tyubu wanayofungia mizigo watu wa bodaboda. Niliizungusha kwenye bomba kama nyoka, nikiacha nafasi kati ya mzunguko na mzunguko. Upepo ukivunjwavunjwa hivyo hauimbi tena.

Nililipa shilingi 28,000, vifaa na kazi. Namweka nne kati ya tano. Ile moja imekwenda na zile siku kumi na nane na rangi.

Mwezi uliopita nilipita korongo lile lile na masanduku kumi na mawili juu. Gurudumu lilishuka, gari likalala kidogo, likasimama. Kijana alikuwa ameshika mpini wa mlango, akauachilia tulipofika ng'ambo. Kilichobaki ni kumrudia mzee anitengenezee mahali pa kufungia sepetu ubavuni, upande wa dereva, ambako matawi hayaigusi sana.