Kliniki ya meno ya wanafunzi: nilivyompeleka mjukuu wangu

Tulitoka Wete, tukapanda boti Mkoani, tukaja Unguja kwenye kliniki moja ya meno kwa ajili ya gego la mjukuu wangu wa miaka tisa. Ni lile la chini kulia linaloota mtoto akiwa na miaka sita hivi, na wazazi wengi hulidhania ni jino la utoto wakaliacha lioze. Lake lilikuwa na tundu la kuingia punje ya mtama.

Nianze na lililoniudhi. Tulikata risiti ya shilingi 10,000, tukasubiri saa mbili, na hakuna aliyetuambia kwamba atakayetibu ni mwanafunzi. Nilikuja kujua mtoto ameshalala kwenye kiti. Ningekubali, wallahi, na mimi nilijifunzia ualimu kwa watoto wa watu, nilipokuwa Chuo cha Ualimu Nkrumah, Beit-el-Ras. Lakini mtu huombwa ridhaa akiwa bado amesimama, mlango anauona.

Mwanafunzi mwenyewe alikuwa binti mpole. Kabla ya kugusa kitu alimwonesha mtoto kila kifaa: kioo, kijiko cha kukwangulia, kipatasi cha kupanulia tundu. Mashine haikuwashwa kabisa. Alikwangua uozo kwa mkono, akamaliza pembeni kwanza, ndipo akashuka chini karibu na kiini cha jino. Mwalimu wake akamsimamisha: kwa nini hukuanza chini? Akajibu kwamba pembeni pakibaki uchafu dawa ya kuzibia haishiki, na chini mkono ukizidi utafika kwenye kiini. Mwalimu akachukua kioo, akatazama mwenyewe, akatia saini fomu ya kumpima mwanafunzi, ndipo kazi ikaendelea.

Nimesahihisha mitihani miaka 31, na hapo ndipo moyo wangu ulipotulia. Jino likishazibwa, kilichomo ndani hakionekani tena. Ukimpa mwanafunzi alama kwa uzuri wa juu, unaweza kumpasisha aliyefukia uozo. Kumsimamisha kabla hajaziba ndio mtihani wenyewe.

Unga na maji ya dawa vilipokuwa vinachanganywa, nilimuuliza mwalimu habari ya mashine. Akaniambia njia hii ya kukwangua kwa mkono ilianzia Tanzania hii hii, katikati ya miaka ya 1980, kwa kazi ya Mholanzi Jo Frencken na wenzake, ili watu wa vijijini pasipo na umeme nao wazibwe meno badala ya kung'olewa. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe ulimwenguni. Nilifurahi sana kusikia hayo, tena mbele ya mwanafunzi wa hapa hapa.

Binti akapaka vaselini kidole cha glavu, akaikandamiza dawa, akamng'atisha mtoto karatasi ya rangi kuona kama imezidi kimo. Kisha akamwambia mtoto mwenyewe, si mimi, asile kwa saa nzima. Hilo nimelipenda mno.

Niliomba kuiona ile fomu, na mwalimu hakuninyima. Pana mstari wa kunawa mikono, wa kukwangua, wa kuchanganya dawa, hata wa mwanafunzi kujipima mwenyewe. Wa mgonjwa hapana. Kwenye mitihani ya vituo ya wanafunzi wa udaktari, ambapo mwanafunzi hupita kituo hadi kituo akipimwa, ile aliyoianzisha Ronald Harden kule Dundee, Uskoti, miaka ya 1970, mara nyingine hata anayeigiza mgonjwa huulizwa alivyohudumiwa. Iweje aliyetibiwa kweli asiulizwe? Mwalimu na mwanafunzi walipoanza kusemezana Kiingereza juu ya kichwa chake, mjukuu wangu aliniminya mkono: "Bibi, wanasema nini?" Hilo halikuingia kwenye fomu yoyote.

Nawapa nyota nne kati ya tano, na miezi sita ijayo tutarudi likaangaliwe. Anayetaka kwenda afike mapema asubuhi, na aulize pale pale mapokezini ni nani atakayemtibu.