Inanuka Koponi, Inanukia Usoni: Miaka Miwili na Sabuni za Kunyolea za Mafundi

Kopo lile halikunivutia hata kidogo. Nilipofungua kifuniko nilipokewa na harufu ya udongo uliolowa na ngozi ya kiatu kikuukuu, na chini yake uchungu fulani kama wa majani yaliyolala kivulini muda mrefu. Nikafunga. Kwa wiki mbili sabuni ile ilikaa rafuni huku nikijuta fedha yangu. Asubuhi moja nikaishiwa na sabuni niliyoizoea, nikalowesha brashi na kuizungusha juu ya ile nyingine shingo upande. Povu lilipoanza kupanda shavuni nikasimama kimya mbele ya kioo. Uchungu ulikuwa umelainika. Kiatu kikuukuu kimegeuka ngozi mpya, udongo umekuwa ardhi iliyotoka kunyeshewa, na nyuma yake imejitokeza lavenda ambayo koponi sikuisikia kabisa. Sabuni iliyonuka koponi ilikuwa inanukia usoni.

Tangu siku hiyo nimeacha kuihukumu sabuni ya kunyolea kwa kuinusa koponi. Hilo ndilo jambo kubwa nililojifunza katika miaka miwili ya kunyoa kwa brashi, bakuli na mashine ya wembe wa pande mbili, na ndilo lililonisukuma kuandika.

Kabla ya hapo nilitumia povu la mkebe wa kubonyeza. Dakika tatu, uso umekunjamana, kazi imekwisha. Harufu yake sikuwahi kuifikiria. Ilikuwa harufu ya usafi tu, ile ambayo ukiulizwa ni ya nini huna jibu. Leo kunyoa kunanichukua dakika ishirini na nalala nikijua kesho nitatumia sabuni gani.

Watu wengi hudhani sabuni hizi ni sabuni ya kuogea iliyotiwa marashi. Sivyo. Sabuni ya kuogea hupikwa kwa magadi ya sodiamu, ndiyo maana hukauka na kuwa ngumu. Ya kunyolea hutegemea zaidi potasiamu, ambayo hutoa sabuni laini inayoyeyuka upesi majini, pamoja na asidi ya steariki, asidi itokanayo na mafuta, kwa wingi, na hiyo ndiyo inayolifanya povu liwe zito lisikukaukie kabla hujafika shavu la pili. Baada ya hapo kila fundi ana mkono wake: huyu mafuta ya ng'ombe, yule siagi ya shea na mafuta ya nazi, mwingine huongeza mafuta ya nyonyo, lanolini (mafuta ya sufu ya kondoo) au udongo mweupe wa kaolini ili wembe uteleze. Kwenye harufu ndipo wanapoachana na viwanda. Kiwanda kinachouza mamilioni ya makopo hakina budi kumpendeza kila mtu. Fundi anayepika sufuria moja moja anaweza kuthubutu: moshi wa kuni, majani ya mtini, bahari yenye chumvi, ubani, udi, waridi kavu lisilo na utamu. Baadhi ya hizo sizipendi, lakini nafurahi kuwa yupo aliyezipika.

Sasa nieleze ninavyoijaribu sabuni mpya, kwa sababu ukikosea hapa utailaumu sabuni bure. Namimina maji ya uvuguvugu juu yake, yaifunike tu, kisha naiacha dakika mbili tatu wakati najiosha uso. Maji yale siyamwagi. Nayapaka kwenye ndevu, nayo ndiyo harufu ya kwanza ya kweli ninayoipata. Kisha brashi iliyokamuliwa kidogo, nusu dakika nzima ya kuzungusha, mpaka nyuzi zishike utope mzito. Napeleka usoni. Mwanzoni povu huwa limekauka, linang'ang'ania ngozi, na harufu yake imejifunga. Nachovya ncha za brashi majini, naendelea. Nachovya tena. Baada ya mara tatu au nne povu linaanza kung'aa, viputo vidogo vya hewa vinatoweka, na hapo harufu hufunguka ghafla, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha pili. Ukizidisha maji, povu linageuka viputo vikubwa vyepesi, wembe unakosa kinga na harufu inapauka. Kwa hiyo pua yangu ndiyo inayoniambia maji yametosha, hata kabla ya macho.

Sababu yake haina miujiza. Ndani ya sabuni iliyoshikana mafuta ya harufu yamebanwa. Kinachofika puani ni yale mepesi yaliyo juu juu. Ukitia maji ya moto na hewa, ukatandaza povu uso mzima chini ya pua yako mwenyewe, hata yale mazito yanapata nafasi ya kuruka. Ndiyo maana sandali na vetiva (mizizi ya nyasi inukiayo), ambazo koponi huwa kama zimelala, huamka kwenye brashi. Machungwa na limau ni kinyume chake. Koponi hukuchangamsha mpaka unatabasamu. Usoni, ukimaliza kushuka na nywele mara ya kwanza, yaani kupitisha wembe kuelekea zinakoota, zimekwishaondoka. Nimenunua sabuni tatu za limau kwa kudanganywa na kopo, na zote tatu mara ya pili ya wembe zilikuwa hazina harufu yoyote. Bergamoti, tunda la jamii ya machungwa, huvumilia zaidi kidogo ikiegemezwa kwenye lavenda au kuvu za mwaloni (oakmoss kwa Kiingereza). Seville ya Barrister and Mann, mafundi wa Marekani, imenipa furaha hiyo: inaanza na ukali wa ganda la tunda, inamaliza kijani kibichi, na katikati kuna rozmari.

Familia ya harufu ninayoirudia kuliko zote ni ile inayoitwa fougère, neno la Kifaransa lenye maana ya kangaga. Chanzo chake ni marashi ya Fougère Royale, yaliyotolewa na Houbigant mwaka 1882. Kangaga wenyewe hana harufu ya kusemea. Mtengenezaji, Paul Parquet, aliiwazia tu harufu ambayo mmea ule ungekuwa nayo. Akaunganisha lavenda, kuvu za mwaloni na kumarini, ambayo hunukia kama nyasi zilizokatwa zikaanza kukauka. Ukisikia sabuni inasemwa ina harufu ya kinyozi wa zamani, mara nyingi ni mjukuu wa mchanganyiko huo. Nikiwa na asubuhi ngumu mbele yangu ndiyo ninayoichukua. Ina utulivu. Haikuombi uishangae, unanyoa nayo tu na kifua kinashuka.

Tabac ya Ujerumani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1959, si ya fundi mdogo, ila naitaja kwa kuwa hakuna sabuni inayothibitisha somo la kopo kuliko hiyo. Jina linakufanya utarajie tumbaku. Mche wake ukiunusa unakutana na maua na poda kali ambayo inaweza kukukimbiza. Kwenye povu ukali unakaa chini, inabaki harufu safi, yenye joto, ya mtu aliyevaa shati lililopigwa pasi. Mke wangu, ambaye hajali kabisa habari za sabuni, alipita mlangoni akasema, "Hiyo ya leo usiiache." Sikuiacha.

Mentholi, ule ubaridi wa mnanaa, ni jambo jingine. Proraso ya kijani, kutoka Firenze, Italia, ina mentholi na mkaratusi, na ndiyo niliyoanza nayo. Mentholi haishushi joto la ngozi. Inaichokoza tu mishipa ya fahamu inayohisi baridi, basi uso unaamini umepigwa na upepo. Kwa kiasi hicho ni tamu sana siku za joto. Lakini wapo mafundi wanaoshindana kwa mentholi, na moja ya sabuni hizo ilinitoa machozi nikiwa na wembe shingoni. Ukiona kopo linajisifia ubaridi, anza na povu dogo.

Sasa nifike kwenye kosa langu kubwa. Kuna harufu inaitwa bay rum, iliyotokea visiwa vya Karibi, ambako majani ya mti wa Pimenta racemosa yalikuwa yakikenekwa pamoja na ramu. Inanukia karafuu, mdalasini na kitu kama mbao tamu, na mimi karafuu naipenda tangu utoto. Nilinunua sabuni ya fundi mmoja ambaye hakubania viungo. Koponi ilinukia ajabu, na povuni ikazidi. Nikajipaka kwa wingi, nikanyoa taratibu nikifurahia, nikarudia mara tatu. Nilipoosha uso, mashavu yalikuwa mekundu na shingo inawaka kama iliyopitiwa na upupu. Ilichukua siku mbili kutulia. Mafuta ya majani yale, kama ya karafuu, yana eujenoli, kitu kinachojulikana kuchokoza ngozi za baadhi ya watu, na wembe ulikuwa umeshaniondolea kinga ya juu. Umoja wa Ulaya unawataka watengenezaji waandike eujenoli kwenye lebo kikizidi kiwango fulani, pamoja na vitu vingine vya harufu kama linaloli, limonini, kumarini na wenzao wengi. Siku hizi nasoma lebo kabla ya kusoma sifa, na sabuni mpya napaka kwanza povu lake ndani ya mkono, juu ya kifundo, nikaliacha kwa muda wa kunyoa. Bay rum sijaiacha. Nimepata iliyopunguzwa ukali, nainyolea mara moja tu kwa kushuka na nywele, sipandi.

Kwa mwenye ngozi inayochukia harufu kabisa, sitamshawishi ajilazimishe. Mafundi wengi hupika sabuni ile ile bila harufu. Mitchell's Wool Fat ya Bradford, Uingereza, ina harufu hafifu na lanolini yake huacha uso laini hadi mchana, ingawa kulitoa povu lake kulinitesa mwezi mzima.

Na hapa niseme wazi: harufu hainyoi. Ninayo sabuni moja ya waridi na ubani yenye harufu nzuri kuliko zote nilizowahi kununua, na povu lake linaanguka kabla sijafika kidevuni. Nilidhani ni mimi. Nikabadilisha brashi, nikaacha ya manyoya ya nguruwe nikatumia ya nyuzi za sintetiki, hali ile ile. Mwishowe nikajaribu maji ya mvua badala ya ya bomba, na mambo yakabadilika nusu yake, maana bomba langu lina chokaa, na kalisiamu hushikana na sabuni ikawa utando mweupe badala ya povu. Nusu iliyobaki ni kosa la sabuni yenyewe. Sasa naifungua tu niinuse, kisha nanyolea nyingine. Kwa hiyo ukiulizia sabuni, uliza kwanza utelezi na uimara wa povu, halafu ndipo uulize inanukia nini.

Usitegemee pia iwe badala ya marashi. Ukishasuuza uso, harufu hukaa nusu saa, ikijitahidi sana saa moja. Ni ya kwako wewe uliye mbele ya kioo, na ya yule atakayekubusu kabla hujatoka.

Kuhusu utunzaji sina mengi. Ukimaliza acha kopo wazi mpaka sabuni ikauke, kisha funga vizuri; ukiliacha wazi siku nzima kila siku, harufu inaondoka nawe unabaki na mafuta. Usiogope sabuni yenye vanila ikibadilika rangi. Yangu ilianza nyeupe, miezi michache baadaye uso wake ukawa kahawia kama mbao iliyopakwa vanishi, nikidhani imeharibika. Nilipoichimba kwa kijiko, chini ilikuwa bado nyeupe, na harufu ni ile ile. Vanilini, kitu kinachoipa vanila harufu yake, ndivyo ilivyo ndani ya sabuni. Na badilisha badilisha. Pua huzoea, sabuni niliyoitumia kila siku kwa mwezi mmoja ilifika mahali siisikii tena, nikaipumzisha wiki tatu, ikarudi na nguvu zake zote.

Kopo la gramu 114 hunitosha kama miezi mitano nikinyoa mara nne kwa wiki bila kuchanganya na jingine. Ile sabuni ya udongo na ngozi niliyoanza kuisimulia hapo juu imekwisha katikati. Chuma cha kopo kinaonekana kama sarafu, na sabuni imebaki duara pembeni. Nilimwandikia fundi wake kuuliza kama bado anaipika. Amejibu kuwa sufuria nyingine inakuja, naye ameniwekea makopo mawili.