Guangzhou kwa usiku mmoja: uzoefu wangu na tramu isiyo na nyaya, treni isiyo na dereva na roboti ya hotelini

Wenzangu wapya kazini wakipangiwa Guangzhou kwa mara ya kwanza huniuliza waende wapi. Jibu langu halibadiliki: mnara wa Canton Tower utazameni kutoka chini, kisha pandeni tramu, yaani treni nyepesi ya mjini. Wengi hudhani nawatania. Naeleza hapa kwa urefu kwa sababu maelezo mengi ninayokutana nayo yameandikwa na watalii wenye wiki nzima, ilhali sisi wahudumu wa ndege tuna kipande cha jioni, asubuhi fupi, miguu iliyochoka na posho ambayo tayari ina kazi yake nyumbani.

Tuanze na simu, maana bila hiyo utakwama mapema. Noti bado zinapokelewa Guangzhou, ila mpe muuza maji noti ya yuani 100 uone anavyohangaika na chenji. Watu wanalipa kwa Alipay au WeChat, kuanzia mapokezi ya hoteli hadi mama anayeuza viazi vitamu vya kuchoma kando ya barabara. Tangu 2023 imekuwa rahisi kuunganisha kadi ya Visa au Mastercard ya nje kwenye programu hizo, kwa hiyo huhitaji akaunti ya benki ya China. Malipo yasiyozidi yuani 200 hayana makato ya ziada, yakizidi hapo unakatwa asilimia 3. Mtu mwenye jioni moja hafikii kiwango hicho kwa malipo ya mara moja, labda akiingia madukani, na hapo mimi simo.

Haya yote nilifundishwa na abiria. Ndege za Guangzhou hujaa wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata mzigo, na wao wanaujua mji ule kuliko kapteni. Mama mmoja alinishika mkono nikiwa nakusanya trei: “Mwanangu, hiyo Alipay ipakue ukiwa nyumbani. Weka pasipoti, unganisha kadi, na laini yako ya Tanzania usiitoe kwenye simu. Benki itakutumia namba kwa meseji, ukiikosa hiyo umelala njaa.” Nikamwambia, “Ahsante mama, nimekusikia.” Naongeza langu moja: ipigie benki yako kabla ya safari uwaambie unakwenda China. Yangu iliwahi kuzuia malipo ya chupa ya maji ikidhani kadi imeibwa. Na ujue kwamba kwenye Wi-Fi ya hoteli WhatsApp, Google na Instagram hazifunguki. Nunua eSIM ya wasafiri, yaani laini ya kidijitali isiyo na kadi, kabla ya kuondoka, mambo yataendelea kama kawaida.

Sisi wa Afrika Mashariki tunajiona wakongwe wa pesa ya simu, na haki yetu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007. Lakini mfumo wetu ulijengwa juu ya laini na namba, ndiyo maana hata bibi mwenye kitochi kijijini anapokea pesa bila intaneti. Wa China umejengwa juu ya kamera, msimbo wa QR na intaneti isiyokatika. Ni mwepesi mno mambo yakiwa sawa, na ni mkatili chaji ikiisha. Wenyewe wanalijua hilo, kwa hiyo kila mgahawa na kila duka la pembeni lina kabati la pauabenki za kukodi. Tatizo ni kwamba ili uikodi lazima uskani msimbo kwa simu hiyohiyo iliyokata roho. Nenda na ya kwako.

Sasa treni isiyo na dereva. Inaitwa APM, ilifunguliwa Novemba 2010 wakati mji unapokea Michezo ya Asia, na inapita chini ya Zhujiang New Town, eneo la maghorofa yale mnayoyaona kwenye picha. Ni fupi, haifiki km 4, ina vituo 9 kutoka Linhexi hadi Canton Tower, na nauli ni yuani 2. Unaskani simu getini, begi linapita kwenye mashine ya ukaguzi, unashuka. Inakwenda kwa matairi ya mpira, na mbele, mahali ambapo ungetegemea kumkuta dereva, kuna kioo na handaki tu.

Kazi imeniharibu mimi. Nikiingia popote, hata ukumbi wa harusi, macho yanatafuta mlango wa dharura kwanza. Kwenye APM nilitafuta kitufe cha kuongea na chumba cha udhibiti, nikaangalia jinsi milango ya jukwaa inavyolingana na milango ya treni, nikaridhika. Kilichonichukua muda kuzoea ni kutokuwepo kwa mtu wa kumtazama usoni. Ndege ikitikisika angani, abiria hawaangalii bawa, wananiangalia mimi. Nikitabasamu, wanarudi kwenye filamu zao. Mle ndani hakuna wa kutabasamu, na hakuna anayemtafuta. Watoto wamebanana kwenye kioo cha mbele, wakubwa wamezama kwenye simu, treni inafunga milango na kuondoka. Nilishuka nikiwaza kazi yangu kwa namna ambayo sikuipanga jioni ile.

Naipa APM nyota 4. Moja naiondoa kwa ufupi wake, maana ndiyo unaanza kuizoea inafika mwisho. Onyo kidogo: ukitokea hoteli za Tianhe, huenda ukaingia kwanza Line 3 ya metro ili ufike Linhexi. Jioni Line 3 ni kama basi la mwendokasi la Kimara kule Dar watu wakitoka kazini, ila hii ina kiyoyozi na hakuna anayekuuzia karanga dirishani.

Ukipanda ngazi za kituo cha Canton Tower na kutoka nje, mnara uko juu ya kichwa chako. Una mita 600 na ulifunguliwa mwaka huohuo wa 2010. Wenyeji wanautania kwa kiuno chake chembamba, kwa sababu vyuma vyake vimesokotwa vikabana katikati. Usiku unabadilisha rangi kuanzia chini hadi juu, na kuutazama hakulipiwi. Kupanda kunaanzia kama yuani 150, na foleni ya lifti inaweza kukula saa nzima. Wenye watoto wapande, watafurahi. Lakini mimi nafanya kazi futi 38,000 juu ya bahari, sioni kwa nini nitoe posho yangu nikaone mji kutoka mita 450.

Geuza macho, hatua chache kutoka hapo utaiona tramu ya Haizhu. Hii ndiyo naipa nyota zote 5.

Inaanzia chini ya mnara na kufuata ukingo wa kusini wa Mto Pearl hadi Wanshengwei, km 7.7. Ilianza kubeba abiria tarehe 31 Desemba 2014. Kwa nje ni tramu ya kawaida, mpaka uinue macho na kugundua kwamba hakuna waya wowote wa umeme juu yake. Reli zimepita kwenye majani mabichi, hakuna nguzo zilizojazana, hakuna nyaya zinazokata picha ya mto. Mara ya kwanza nilidhani inatumia betri. Rubani msaidizi tuliyekuwa naye, mtu aliyesomea umeme kabla ya kwenda shule ya urubani, akanicheka. “Hapana dada, hiyo ni superkapasita. Angalia ikisimama.”

Nikaangalia. Tramu ikiingia kituoni inagusa umeme wa hapo kituoni, na wakati watu wanashuka na kupanda, yenyewe inakula. Haichukui hata nusu dakika. Milango ikifungwa imeshapata umeme wa kuifikisha vituo vya mbele, na ikifunga breki sehemu ya nguvu ile inarudi ndani. Kwa alivyonieleza, betri huhifadhi umeme kwa mabadiliko ya kikemia, ndiyo maana inachelewa kujaa na huchoka baada ya miaka. Superkapasita huukusanya umeme juu ya uso wa vipande vyake vya ndani bila kusubiri kemia, kwa hiyo inajaa upesi mno. Kasoro yake ni kwamba haibebi mwingi. Kwa gari la safari ndefu hiyo ni hasara kubwa. Kwa tramu inayosimama kila baada ya muda mfupi, kasoro hiyo haina uzito. Wameitumia mahali panapoifaa, basi, na mimi nilipenda akili ile kuliko taa zote za ng'ambo.

Ingawa taa nazo, nisizikatae. Tramu inapita chini ya daraja la Liede, na ng'ambo ya maji unaona Zhujiang New Town yote imewaka: jumba la opera alilolichora Zaha Hadid, mnara wa IFC, na CTF wenye mita 530 ambao lifti zake zilitengenezwa kupanda hadi ghorofa ya 95 kwa sekunde zisizofika 45. Boti za matembezi zimepambwa taa zinapita mtoni. Ndani ya tramu kuna wazee waliotoka kucheza ukingoni na spika zao, vijana wenye kamera, mwanafunzi amelala na begi kifuani. Nauli ni ya metro, yuani chache tu. Watalii wa boti wanalipa mara nyingi zaidi ya hapo kutazama majengo yaleyale.

Njiani utapita Pazhou, kwenye kumbi za Canton Fair, maonyesho ya biashara yanayofanyika tangu 1957, mara mbili kwa mwaka, majira ya Aprili na Oktoba. Wale akina mama wa Kariakoo wanapajua pale kwa kila mlango.

Hotelini kuna roboti. Sitaitaja hoteli, na karibu kila hoteli tunayolala huko ina yake siku hizi. Ni boksi refu lenye magurudumu na kifuniko juu. Kwa kuwa Guangzhou iko mbele ya Dar kwa saa 5, tumbo langu huamka saa ambazo jiko la hoteli limefungwa. Naagiza chakula kwa simu, mpeleka chakula anaacha mfuko mapokezi, roboti inaubeba, inaita lifti yenyewe, inapanda, kisha simu ya chumbani inalia na sauti ya kike inaniambia mzigo uko mlangoni. Nafungua, kifuniko kinajifungua, nachukua, inageuka na kwenda zake. Hakuna bakshishi, na hakuna haja ya kuvaa gauni la heshima kwa ajili ya mgeni.

Usiku mmoja niliikuta imekwama mbele ya lifti. Kila mlango ukifunguka watu wamejaa, nayo inarudia kwa upole ombi lilelile la kupishwa, hakuna anayesogea. Nimewahi kusimama hivyo na toroli la chai, abiria amenyoosha miguu njiani na vipokea sauti masikioni. Nikawaomba wale waungwana wajibane, ikaingia. Nyota 4, na ile moja ninaipunguza kwa sababu huwezi kuiambia ikuletee chai ya rangi isiyo na sukari na kipande cha tangawizi. Kwa hilo bado tunahitajika.

Teksi zisizo na dereva nazo zipo, za WeRide na Pony.ai. Nimeziacha, kwa sababu saa za kungojea teksi nazitumia kula.

Kama asubuhi inaruhusu, shuka kituo cha Ximenkou kwenye Line 1, tembea hadi msikiti wa Huaisheng. Mapokeo yanauhusisha na sahaba Saad bin Abi Waqqas, na mnara wake wa mviringo wenye mita 36 unahesabika miongoni mwa ya zamani kabisa katika China. Mwenye hamu ya kusikia Kiswahili aende Xiaobei, Line 5. Utaisikia lafudhi ya Dar, ya Nairobi, hata ya Goma, watu wakibishana juu ya kilo za mzigo. Waislamu wa Kihui, Wachina wenyewe, wana migahawa ya halali, tambi zinavutwa kwa mkono mbele yako na kutiwa kwenye supu ya ng'ombe. Bakuli moja halifiki yuani 30, na ukilimaliza utavuka salama hadi zamu yako.

Kwa mwenye jioni moja tu, mzunguko wangu ni huu. Fika Linhexi kabla jua halijazama, panda APM hadi Canton Tower, kaa chini ya mnara mpaka taa ziwake. Kisha tramu hadi Wanshengwei, na ukae upande wa kushoto, ndiko mto uliko. Kule mwisho ingia metro ya Line 8, badilisha Kecun, Line 3 inakurudisha Tianhe. Nauli zote kwa pamoja hazifiki yuani 15. Usivuke saa nne na nusu usiku ukiwa bado Wanshengwei, maana metro hufunga na basi la krew halimsubiri mtu asubuhi. Na ukiangukia siku za Canton Fair, uzungushe kinyume: anza na Line 8, pandia tramu Wanshengwei ikiwa tupu, safari hii ukae kulia.