Seti ya bledi za mifereji, inchi 8: pima shafti kabla ya kutoa pesa

Natumia Freud SD508 ya inchi 8, seti ya bledi zinazofungwa pamoja ili kuchonga mfereji wa kuingiza rafu, kwenye msumeno wa meza wa inchi 10, mota ya hospawa 3. Kazi zake ni makabati ya plaiwudi, masanduku ya droo, na rafu za mvule na mtiki. Inachonga safi, sakafu ya mfereji inatoka bapa, na rafu inaingia kwa kusukumwa na kiganja bila nyundo. Naipa alama za juu. Lakini seremala wengi wa Mombasa wakinunua seti kama hii leo, itabaki kwenye boksi lake, kwa sababu shafti ya mashine yao, kile chuma kinachozungusha bledi, haiwezi kuibeba. Kwa hiyo shafti kwanza.

Seti hizi zimezaliwa Marekani, na tundu lake ni inchi 5/8, yaani 15.88 mm. Mashine za mtindo wa Ulaya, ambazo ndizo nyingi mjini, mpya na za mtumba, zina shafti ya kipimo kingine, mara nyingi 30 mm. Hapo angalau unaona wazi kwamba haiingii. Hatari ni shafti ya 16 mm, kwa kuwa inafanana sana na ya inchi 5/8. Bledi ya 5/8 itagoma kuingia, na fundi atashawishika kuikwangua tundu kwa tupa. Tundu lililokwanguliwa kwa mkono halina kitovu. Kinyume chake, bledi yenye tundu la 16 mm kwenye shafti ya 5/8 itaingia kwa raha, ila kila bledi kwenye seti itakaa upande wake, moja juu kidogo, nyingine chini kidogo, na sakafu ya mfereji itatoka na ngazi. Zile ringi za kupunguza tundu zinavumilika kwenye bledi moja ya kawaida. Kwenye bledi sita zilizopangwa pamoja sizitaki.

Halafu urefu. Toa bledi, pima kutoka uso wa flanji ya ndani (kisahani kinachoegemewa na bledi) hadi ncha ya shafti. Mfereji wa 18 mm na nati yenye unene wa 10 mm vinataka angalau 28 mm, na mimi nataka 30. Nati lazima ishike uzi wake wote, ncha ya shafti ifike usawa wa uso wa nati au ipite. Vitabu vingi vya mashine vinaruhusu kuiacha flanji ya nje ukifunga seti pana, lakini soma cha kwako. Nati iliyoshika nyuzi tatu tu haikubaliki katika kitabu chochote. Misumeno mingi ya Ulaya ina shafti fupi kwa makusudi: kanuni za huko zinataka bledi isimame ndani ya sekunde 10 baada ya kuzima, na rundo zito la bledi linarefusha muda huo. Breki ikikamata ghafla, uzito ule unaendelea kuvuta na unaweza kulegeza nati. Usirefushe shafti kwa tona, fundi wa kukereza vyuma. Kama mashine yako ni ya aina hiyo, nunua rauta (mashine ya mkono ya kuchonga mifereji) na biti iliyonyooka ya 18 mm au ya 12 mm, ufuate rula ya mbao iliyobanwa. Ni polepole zaidi, ila mfereji ni ule ule.

Misumeno midogo ya kubebeka nayo haifanani. DeWalt DWE7491RS inabeba seti ya inchi 8. DWE7485, ndugu yake mdogo, haibebi kabisa. Matoleo yake ya Marekani ni ya volti 120, na sisi tuna 240. Mota zake ni za brashi, kwa hiyo zinafanya kazi vizuri kwenye transfoma ya kushusha, mradi iwe kubwa: ampea 15 kwa volti 120 ni wati 1,800, na wakati wa kuwaka inavuta zaidi, basi nisingeshuka chini ya VA 3,000. Mashine kubwa ya Marekani yenye mota ya indaksheni, isiyo na brashi, ni hadithi nyingine. Imetengenezwa kwa hezi 60, ikipata 50 zetu inazunguka polepole kwa karibu asilimia 17 na inapata moto.

Tukishavuka shafti, uchaguzi wenyewe si mgumu. Kuna bledi moja ya bei nafuu inayofungwa ikiwa imeinama ili iyumbe inapozunguka. Achana nayo. Inatetemesha mashine, na sakafu ya mfereji inatoka na bonde katikati, kwa hiyo rafu inakaa juu ya kingo mbili badala ya kukaa bapa, na gundi inabaki na nafasi ya kujaza. Unachotaka ni seti ya kupanga: bledi mbili za nje, bledi za kati zenye meno machache, na shimu, zile ringi nyembamba za kuongeza upana kidogo.

Kwenye bledi za nje, hesabu meno. SD208, seti nyingine ya Freud, ina meno 12 kila moja na bledi za kati zenye meno mawili. SD508 ina meno 24, na za kati zina meno manne. Kwa mbao nzima zinazochongwa kufuata nyuzi, meno 12 yanatosha kabisa na yanatoa vumbi haraka. Kwa plaiwudi, hasa unapokata kuvuka nyuzi za ngozi ya juu, meno 24 ndiyo yanayolipa tofauti ya bei. Ngozi ya plaiwudi nyingi tunayouziwa ni nyembamba kama karatasi ya daftari, na meno machache yanaing'oa kingoni.

Ukubwa: ikiwa mota iko chini ya hospawa 1.5, chukua inchi 6. Watu wanadhani inchi 6 ni ya wanafunzi, ila kwenye msumeno wa inchi 10 bado inakwenda kina cha kama sentimita 3, na mfereji wa rafu hauhitaji zaidi ya milimita 6 hadi 9. Mota ndogo inaizungusha bila kulia, jambo zuri zaidi siku ambazo umeme umeshuka. Waya wa ekstensheni uwe wa 2.5 mm za mraba, mfupi.

Sasa hesabu ya upana, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Seti inahesabu kwa inchi, plaiwudi yetu kwa milimita, na plaiwudi inayoitwa 18 mm ni nadra kuwa 18. Pima kwa kalipa sehemu nne za kila shiti, si shiti moja kwa niaba ya zote. Tuseme umepata 17.5. Bledi mbili za nje ni 6.35. Ongeza tatu za kati za inchi 1/8, kila moja 3.18, unafika 15.88. Ongeza ile ya inchi 1/16, unafika 17.46. Ukiacha hapo rafu itagoma, maana gundi nayo inataka nafasi. Weka shimu moja ya 0.13 mm, upate 17.59. Hiyo ndiyo nafasi nzuri: rafu inaingia kwa kiganja na haianguki ukigeuza kabati. Andika mpangilio huo kwa kalamu ya wino ndani ya kifuniko cha boksi, pamoja na unene wa shiti. Hata hivyo kalamu haichukui nafasi ya kipande cha majaribio. Chonga kwenye takataka ya shiti lile lile, kila mara.

Shimu zina tabia moja mbaya. Unapokaza nati, zinateleza na kuingia kwenye uzi wa shafti. Nati inaonekana imekaza, kumbe imekaza juu ya shimu iliyokunjika, na rundo lina mwanya. Kaza nusu, zungusha rundo kwa mkono, chungulia kati ya bledi, ndipo umalizie. Shimu za plastiki ngumu au chuma ni bora kuliko za karatasi, ambazo hewa yetu huzinenepesha.

Kufunga: maandishi ya bledi za nje yatazame nje, kila moja upande wake. Ukizibadilisha, meno yenye ncha yanageukia katikati na kingo zinachanika. Meno ya bledi za kati yakae kwenye mabonde ya zile za nje, yasigusane, na yagawanywe duara lote ili uzito usiegemee upande mmoja. Rundo lililopangwa vizuri linavuma kwa sauti moja. Likipiga kwa mdundo, zima.

Bamba la kawaida la meza, lile linalozunguka bledi, halina nafasi ya kutosha kwa rundo hili. Kata lingine la plaiwudi au MDF ya unene unaolingana na mdomo wa meza, libane kwa ubao mgumu mbali na njia ya bledi, washa, kisha pandisha rundo taratibu lijitobolee lenyewe. Mwanya mdogo hivi ndio unaozuia ngozi ya chini kupasuka. Kisu cha nyuma ya bledi lazima kitoke, kwa sababu mkato haupiti ubao wote. Kirudi ukimaliza, siku hiyo hiyo. Tumia kibao cha kusukumia chenye mpini, na kibao cha vidole vya kubana ubao dhidi ya fensi, ule ukingo wa kuongozea ubao. Mkono haupiti juu ya bledi. Huoni meno yakiwa chini ya ubao, na ndiyo yanayoumiza zaidi.

Kina cha milimita 6 kwenye plaiwudi ya 18 napita mara moja. Kwenye mvule napita mara mbili, nusu nusu. Mvule una vijiwe vya chokaa ndani, huwezi kuviona, na jino la kabaidi likikutana nacho kwa kasi linamega. Mtiki haumegi meno, ila una mchanga wa asili unaoyafanya butu mapema. Vumbi la mvule linawasha pua na macho; vaa barakoa ya kweli.  

Sakafu utakayopata itakuwa na vijistari viwili vyembamba kwenye pembe, kwa sababu meno ya nje yana ncha. Ni kawaida, na rafu inavifunika. Kisicho kawaida ni ngazi katikati.

Hali ya hewa ya Pwani ina neno lake. Ubao wa mvule uliokaa karakana ya wazi Changamwe wakati wa masika umevimba. Ukiuchongea mfereji wa kubana na kabati likaenda nyumba yenye eyakondishena Nyali, rafu itakonda na kulegea. Acha mbao zitulie chini ya paa kwanza, na chonga wakati ziko karibu na ukavu wa mahali zitakapoishi. Kwa plaiwudi jambo hili ni dogo.

Bledi zenyewe ni chuma chenye ncha za kabaidi, na chumvi ya bahari inakula chuma. Sponji ya boksi inashika unyevu, kwa hiyo nimeitoa. Napaka mafuta mepesi ya cherehani, kisha nafuta kabla ya kukata yasitie doa kwenye mbao. Utomvu unatoka kwa sabuni ya vyombo na maji ya moto, brashi ya nailoni, kisha kukausha hapo hapo.

Usiifunge kwenye grenda. Kasi ya juu imechapwa kwenye bledi, na grenda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, mbali kabisa na inayoruhusiwa. Kwa meza za jua kali zenye mkanda, hesabu puli: mota ya 2,850 yenye puli ya inchi 5 ikiendesha ya inchi 3 inatoa 4,750, na hiyo ni sawa.

Kunoa ni kwa seti nzima, kwa jiwe la almasi. Anayenoa mbili za nje peke yake anazifupisha, na zile za kati zinabaki ndefu, zikichimba shimo katikati ya mfereji. Ukichukua seti kutoka kwa mnoaji, chonga kipande kimoja cha MDF na ulaze rula ya chuma sakafuni kabla hujamlipa.