Darasa la Kiitaliano la Jumamosi, Kilimani: baada ya wiki nane

Nafuatilia ligi ya mpira ya Italia tangu Mkenya mwenzetu McDonald Mariga alipohamia klabu ya Inter mwanzoni mwa 2010, na miaka yote hiyo nilikuwa nikitamka Na-PO-li. Jumamosi ya kwanza tu mwalimu alinisimamisha. "NA-poli, ndugu yangu. Mkazo uko mwanzo." Sisi wa Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho bila kufikiri, na Kiitaliano hutukubalia mara nyingi: Milano, Torino, Palermo. Ndiyo maana Napoli, Empoli, Udine na Bergamo hutunasa. Kwingine lugha yetu inatubeba: "gn" ya Bologna ni "ny" yetu kabisa. Ila "ch" husomwa "k", basi beki Chiellini ni Kiellini.

Darasa liko juu ya duka la dawa. Ni shilingi 1,500 kwa kipindi cha saa mbili, unalipa kwa M-Pesa. Tulikuwa tisa, wengi wapishi na wauguzi, mashabiki watatu. Mwalimu ni Mkenya aliyeishi Torino miaka mingi. Nilipomuuliza catenaccio, ule mtindo wa Kiitaliano wa kujilinda, ni nini hasa, hakuandika kitu ubaoni. Aliinuka, akasukuma komeo la mlango mpaka likalia, akasema, "Ndilo hili." Kisha akapanga viti: mabeki wanaokaba, na nyuma yao kiti kimoja pekee, libero, yaani aliye huru, asiye na mtu wa kumkaba. Neno hilo nimelisikia kwa watangazaji miaka kumi na zaidi. Siku hiyo ndipo nililiona.

Maswali yetu ya mpira aliyapokea yote. Kwa nini Milan na si Milano, Genoa na si Genova? Kwa sababu Waingereza ndio walioanzisha klabu hizo, Genoa mwaka 1893 na Milan 1899, wakazipa majina ya miji kama walivyoiita kwao. Kocha naye mpaka leo wachezaji humwita "mister". Scudetto, ubingwa wa ligi, ni ngao ndogo tu, ile inayoshonwa kifuani mwa jezi ya bingwa.

Lawama yangu ni moja, na ni nzito. Vitenzi vya wakati uliopita vilipitishwa alasiri moja. Muuguzi aliyeketi kando yangu anajiandaa kwa mtihani, na alitoka siku hiyo daftari limejaa lakini hawezi kusema jana alifanya nini. Herufi pacha pia zilihitaji mazoezi zaidi: palla ni mpira, pala ni sepetu, na sikio langu bado halizitenganishi mtu akisema haraka.

Nimelipia awamu ya pili. Nilimwomba mwalimu vitenzi vipewe Jumamosi mbili nzima, naye akaandika kwenye ratiba mbele yangu.