Mandara, Kilimanjaro: pa kulala bila kwenda kileleni

Wengi hulala Mandara, kituo cha kwanza cha kulala kwenye njia ya Marangu, wakiwa na haraka ya kuondoka. Wanafika wamechoka, wanakula, wanalala, kukipambazuka wanashika njia ya Horombo, kituo kinachofuata, na mawazo yao yote yako kilele cha Uhuru, mita 5,895. Sisi kina mama wa usharika, wengi tumevuka miaka hamsini na magoti yanauma, tulipanda ili tuishie hapo hapo, mita 2,720. Nawaambia watu wa Moshi na Arusha: hapa ni pa kupumzika hasa, na aliyeuumba ule mlima hakuuweka uzuri wote kileleni.

Usafiri ni rahisi. Daladala ya Marangu kutoka stendi ya Moshi, inapita Himo hadi Marangu Mtoni, halafu bodaboda mpaka getini. Kutoka getini ni kama kilomita nane kwa miguu. Njia ya watembea kwa miguu iko mbali na barabara ya mizigo, kwa hiyo mnakwenda kwa utulivu, mkipumzika Kisambioni katikati ya safari.

Msitu wenyewe ndio ibada. Kuna ua dogo jekundu lenye manjano, nyuma lina kibomba kilichojikunja kama mkonga wa tembo. Wataalamu huliita Impatiens kilimanjari, na duniani kote halioti penginepo ila mlima huu. Nimezaliwa Kilema, nimefundisha sayansi shule ya msingi miaka mingi, lakini ua hilo nililiinamia kwa mara ya kwanza nikiwa tayari nina wajukuu. Limekaa chini, kwenye tope na kivuli, asiyeinama halioni. Nani alilipamba hivyo, na kwa macho ya nani? Jibu langu ninalo, na pale pale nililisema kwa sauti.

Juu yetu mbega walikuwa wakila majani, manyoya marefu meupe yakiwashuka mabegani. Kijana aliyetuongoza (alitusalimia mmoja mmoja, shikamoo mama, shikamoo bibi, na hakumharakisha mtu) akatusimamisha chini ya mti uliojaa nyuzi za kijivu zinazoning'inia. Akatuonyesha ukungu unavyonaswa kwenye nyuzi zile, ukageuka matone, matone yakadondoka. Maji ya msitu huu ndiyo yanayolisha mito yetu na mifongo, yaani mifereji ya kumwagilia, ya vihambani, kwenye mashamba yetu ya nyumbani, mpaka mto Pangani. Mfongo uliopita kwa baba yangu, ambao majirani waligombania zamu zake tangu nikiwa mtoto, ulikuwa unaanzia kwenye matone kama yale. Nilikaa kwenye jiwe nikamshukuru Mungu kwa maji niliyokunywa maisha yangu yote bila kuwaza yanakotoka.

Na mlima huu huu, mwaka 2016, watafiti walitangaza mti wa mita 81.5 katika bonde lake mojawapo, mrefu kuliko miti yote ya asili iliyowahi kupimwa Afrika. Haupo kwenye njia hii, lakini ukishajua hivyo huitazami tena miti ya Marangu kwa jicho la zamani.

Nyumba za kulala ni za mbao, paa limeshuka karibu na ardhi, vitanda vyenye magodoro, taa za sola. Ni pa kawaida tu, na chumba mnaweza kuchangia na wageni msiowajua. Mpishi wetu alituletea chai na bisi, kisha supu ya moto, na baada ya chakula tukaimba. Wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, waliokuwa wamepumzika nje wakaingiza sauti za besi na tenori, wala hakuna aliyewaita. Nimefundisha kwaya muda mrefu, sijasikia sauti zikikaa vile.

Asubuhi msirudi kabla ya kupanda kreta ya Maundi, mwendo wa kama robo saa. Hapo mawingu yakifunguka unaona kilele cha Mawenzi na magenge yake, kilele cha Kibo nyuma, na upande wa pili nchi tambarare ya Taveta, Kenya. Theluji ya Kibo imepungua sana kuliko waliyoiona wazazi wetu, na mama mmoja wetu alilia. Sikumnyamazisha. Kumpenda Muumba na kukata miti ovyo kihambani haviendi pamoja, na hilo tulilizungumza njia nzima ya kushuka.

Baridi ya usiku ni kali, chukueni sweta nzito, soksi za sufu, koti la mvua na mfuko wa kulalia. Epukeni masika, Machi hadi Mei, njia inateleza. Muongozaji ni lazima. Na kila mmoja abebe kitambulisho chake cha NIDA, maana ada ya Mtanzania ni ndogo kuliko ya mgeni, na getini watakiomba.